Laptopu ya kuvuka siku bila stima: ThinkPad T480, EliteBook 840 G5, Latitude 7490 au MacBook Air M1?

Muuzaji akikuambia, "Hii inakaa na chaji masaa nane, boss," muulize ni masaa nane ya kufanya nini. Ya kuiacha mezani skrini imefifia, au ya Word, Chrome yenye kurasa kumi na mbili wazi, WhatsApp, na intaneti inayovutwa kutoka kwenye simu? Huku magharibi mwa Kenya swali hilo lina maana yake. Notisi za Kenya Power za kukata stima kwa matengenezo kwa kawaida husema saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni: muda wa saa nane, siku ya kazi. Na hapo hatujazungumzia radi za Kakamega na Kisii, ambazo hazitoi notisi.

Basi nimeichukua notisi hiyo iwe kipimo. Laptopu nyepesi ya kubeba, yenye kibodi ya taa, ikichomolewa saa tatu asubuhi ikiwa imejaa, ni ipi itakayofika saa kumi na moja ikiwa bado inaandika? Nimezishindanisha nne: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490 na MacBook Air M1. Tatu za kwanza zilitoka 2018. Ni mashine za maofisini ughaibuni zilizomaliza zamu yao huko zikaletwa kwetu kwa jina la ex-UK, na ukitembea madukani Oginga Odinga Street hapa Kisumu au Kenyatta Avenue kule Nakuru huchukui muda kuona za aina hiyo. Ya nne ilitoka Novemba 2020, na hata ikiwa imetumika, bei yake bado humfanya mtu ahesabu pesa mara ya pili.

Sijaziingiza laptopu mpya za bei ya chini zenye skrini ya inchi 15.6. Zinang'aa na zina waranti, ila chukua mfano wa HP 250 G8: betri ya Wh 41, uzito wa kilo 1.7 hivi, na mara nyingi kibodi haina taa. Kwa kazi ya mezani penye stima hazina neno. Kwa kipimo chetu zimeshindwa kabla ya mchezo kuanza. Chromebook za bei poa nazo nimeziacha. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule, hazina taa, na kila moja ina tarehe ambayo Google itaacha kuipelekea masasisho.

Hesabu ambayo tangazo halikufanyii

Ukubwa wa betri ya laptopu hupimwa kwa wati-saa, kifupi Wh, na namba hiyo huchapwa kwenye betri yenyewe. Ulaji wa mashine hupimwa kwa wati. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, utapata saa. Tuchukulie kwamba laptopu ya ofisi yenye chipu ya Intel ya kizazi cha nane, ikiandika na kuperuzi mwangaza wa skrini ukiwa wa kadiri, inakula wati 8. Betri yake ikiwa ya Wh 50 na mpya kabisa, una saa sita na robo. Uliianza saa tatu asubuhi. Itazima saa tisa na robo, mafundi wa Kenya Power wakiwa bado juu ya nguzo.

Lakini betri ya mashine ya 2018 si mpya. Ikiwa imebakiwa na asilimia 70 ya nguvu yake, zile Wh 50 zimekuwa 35, na mashine itazima saa saba na dakika ishirini hivi mchana. Ukiingia kwenye mkutano wa Zoom, ulaji unaweza kufika wati 15 au kupita, na hapo hata chakula cha mchana huoni.

Kwa hiyo anayenunua laptopu iliyotumika ananunua, zaidi ya kitu kingine chochote, kile kilichobaki ndani ya betri. Wauzaji wanapenda kutaja i5, RAM 8, SSD 256, kwa sababu hizo ni namba zisizochakaa. Betri huchakaa, kwa hiyo haitajwi. Ukiitaja wewe, mazungumzo ya bei hubadilika papo hapo.

| | T480 | EliteBook 840 G5 | Latitude 7490 | MacBook Air M1 |
|---|---|---|---|---|
| Skrini | inchi 14 | inchi 14 | inchi 14 | inchi 13.3 |
| Uzito kuanzia | kilo 1.58 | kilo 1.48 | kilo 1.4 | kilo 1.29 |
| Betri ikiwa mpya | Wh 24 ndani, na 24, 48 au 72 nyuma | Wh 50 | Wh 42 au 60 | Wh 49.9 |
| Kuongeza RAM | ndiyo | ndiyo | ndiyo | haiwezekani |
| Njia ya chaji | USB-C pekee | tundu la mviringo au USB-C | tundu la mviringo au USB-C | USB-C pekee |

T480: betri mbili, na moja unaichomoa kwa mkono

Nianze na ninayoipendelea, usije ukadhani naficha. T480 ina betri ndogo ya Wh 24 iliyofungiwa ndani, na nyingine nyuma inayoshikwa na vibanio viwili tu. Hiyo ya nyuma huja kwa ukubwa wa aina tatu: 24, 48 au 72. Dukani zote huitwa T480, bei huweza kuwa moja, na hapo ndipo mtu makini anapopata faida. Yenye 24 nyuma ina jumla ya Wh 48, haina tofauti kubwa na EliteBook. Yenye 72 nyuma ina Wh 96. Kwa ule ulaji wetu wa wati 8, hizo ni saa kumi na mbili. Hata betri zote mbili zikiwa zimechoka hadi asilimia 70, unabaki na saa nane na dakika ishirini na kitu. Notisi imevukwa, na betri ni kuukuu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui hadi waonyeshwe. Mashine hula betri ya nyuma kwanza, kisha ndiyo inagusa ya ndani. Ya nyuma ikiisha, unaichomoa mashine ikiwa imewaka, unapachika nyingine, unaendelea na sentensi uliyokuwa ukiandika. Mwalimu aliye mbali na mji anaweza kuwa na betri mbili za nyuma, akaacha chaja nyumbani. Na betri ya nyuma ikifa kabisa baada ya mwaka au miwili, hahitaji fundi wala bisibisi. Ananunua nyingine, anaipachika, basi. Kati ya laptopu hizi nne hakuna nyingine inayokupa uhuru huo.

Sasa kasoro zake, na si chache. Betri ya 48 na ile ya 72 hujitokeza chini kama kisigino na kuinua nyuma ya mashine. Mimi huona inafaa kwa kuandika, ila kwenye begi jembamba itakusumbua, na uzito unapanda juu ya ile kilo 1.58 iliyo kwenye jedwali. Skrini ni bahati nasibu: baadhi zilitoka kiwandani na paneli ya nukta 1366 kwa 768, rangi zake zimepauka na ukiinamisha kichwa kidogo picha inageuka. Tafuta yenye 1920 kwa 1080, hata kama utaongeza pesa kidogo. Pia inachajiwa kwa USB-C peke yake. Matundu hayo yamechomelewa kwenye ubao mama, yakilegea ni kazi ya fundi mwenye mkono mzuri. Lenovo wenyewe walitoa sasisho la Thunderbolt (teknolojia inayotumia tundu la USB-C) kwa ThinkPad za miaka hiyo baada ya kugundulika kwamba hitilafu ya programu ingeweza kuliua tundu hilo. Mashine ukishaipata, sasisho hilo liwe la kwanza.

Na betri bandia zipo. Kibandiko kinaweza kuandikwa 72 na ndani mna kitu kingine. Usibishane na kibandiko. Nitaeleza hapa chini jinsi ya kuiuliza mashine yenyewe.

Latitude 7490: iko karibu, ila uliza ni betri ipi

Kati ya zile tatu za Windows, Dell hii ndiyo nyepesi zaidi. Ilitoka na betri ya Wh 42 au 60, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Yenye 60 ikiwa mpya itakufikisha saa kumi na nusu jioni kwa hesabu yetu, nusu saa tu kabla ya stima kurudi, na ukipunguza mwangaza kidogo utavuka. Yenye 42 itazima saa nane na robo. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya i5 na i7 ambayo watu huilipia kwa furaha.

Betri iko ndani, lakini kifuniko cha chini hufunguka kwa bisibisi ya kawaida na fundi anayejua kazi yake huibadilisha ukiwa umesimama hapo hapo. Kwa hiyo Latitude ya bei nzuri yenye betri iliyochoka si mbaya, mradi utoe gharama ya betri mpya kwenye bei kabla hujalipa. Ninachokipenda zaidi kwake ni kwamba ina njia mbili za chaji. Tundu moja likiharibika katikati ya muhula, lingine lipo.

EliteBook 840 G5: mrembo wa kaunta

Hii ndiyo watu huinyooshea kidole kwanza. Mwili wa alumini, kibodi laini, spika zenye jina la Bang & Olufsen. Mafundi wengi wa hapa wameshazifungua, kwa hiyo ushauri na vipuri havisumbui. Ila betri ni Wh 50 tu, na hakuna kubwa zaidi ya kuitafuta. Hata ikiwa mpya haifiki saa kumi na moja bila kubanwa matumizi.

Jihadhari na zile zenye skrini ya faragha iitwayo Sure View. Ukiwasha faragha, anayekaa kando hasomi, na wewe mwenyewe unaiona skrini imefifia. Ni nzuri kwa mwenye kazi ya benki ndani ya basi. Kwa mwanafunzi anayefanya kazi ya kikundi na wenzake wanne, ni kero.

Sisemi usiinunue. Kama ofisi yako ina jenereta, au unaishi mtaa ambao stima hupotea kwa nadra, EliteBook itakupendeza kuliko T480 kila siku ya mwaka. Kwa kipimo cha makala hii inashika mkia.

MacBook Air M1: betri ya kawaida, tumbo dogo

Ukiitazama kwa Wh, M1 haina maajabu: 49.9, sawa na EliteBook. Siri iko kwenye ulaji. Apple wanadai saa 15 za kuperuzi mtandaoni, gawanya 49.9 kwa 15, unapata wati 3.3 hivi. Madai ya kampuni huwa na chumvi, kwa hiyo tuongeze ulaji hadi wati 5. Bado una saa kumi. Betri ikishuka hadi asilimia 80, ambako M1 nyingi zilizotumika sasa zinaelekea, unabaki na saa nane. Notisi yote, bila kuongeza kitu chochote nyuma.

Haina feni, kwa hiyo haipigi kelele, na hakuna tundu la hewa la kufyonza vumbi la barabara. Ukiifunga kifuniko jioni, asubuhi unaikuta chaji karibu ilivyokuwa. Windows za umri huo huweza kuamka zenyewe ndani ya begi na kulala njaa. Skrini yake ina mwangaza wa niti 400, unaoonekana hata ukikaa varandani mchana, pale T480 ya niti 250 inapokulazimisha uhamie ndani.

Bei ndiyo kikwazo cha kwanza. M1 iliyotumika vizuri mara nyingi huzidi mara mbili ya bei ya EliteBook au T480. Kikwazo cha pili ni kwamba RAM na hifadhi yake zimechomelewa. Ukinunua ya 8 na 256, utazeeka nayo hivyo hivyo. Cha tatu ni programu. Kazi za kivinjari kama eCitizen, iTax na lango la chuo hazina shida. Lakini mwanafunzi wa uhandisi anayehitaji SolidWorks, au wa jiografia anayehitaji ArcGIS Pro, asijidanganye: hizo ni za Windows. Muulize mhadhiri kabla hujauza ng'ombe.

Cha nne ni kufuli. MacBook iliyosahauliwa kuondolewa kwenye akaunti ya iCloud ya mwenye awali, au iliyosajiliwa na kampuni fulani ya ng'ambo, inaweza kukufungia mlango hata baada ya kulipa. Iwashe dukani, ifute yote, iunganishe na intaneti, na uianzishe upya mpaka ufike kwenye akaunti yako mwenyewe. Muuzaji asiyekubali hilo amekupa jibu.

Taa chini ya herufi

Hapa ndipo neno "zinaweza" linapotakiwa. T480, 840 G5 na 7490 zote ziliuzwa zikiwa na taa au bila taa, kulingana na aliyeagiza. Ni MacBook Air M1 pekee ambayo kila moja ina taa. Tena kibodi ni kipuri kinachobadilishwa sana kwenye mashine za mtumba: iliyokuja na taa inaweza kuwa imewekewa kibodi ya bei rahisi isiyo nayo, na muuzaji mwenyewe hajui.

Njia ya kujua ni fupi. Kwenye T480, angalia kitufe kirefu cha nafasi: kikiwa na kialama cha taa, bonyeza Fn pamoja nacho, itawaka kwa viwango viwili. Kwenye Latitude ni Fn na F10. Kwenye EliteBook kuna kitufe cha alama ya taa safu ya juu, na usishtuke ikizima yenyewe baada ya sekunde chache usipoandika. Muda huo hubadilishwa ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. M1 ndiyo huwachanganya watu, kwa sababu haina kitufe cha taa kabisa. Inajiwasha giza likiingia, na ukitaka kuirekebisha unafungua Kituo cha Udhibiti (Control Center) kwenye kona ya juu ya skrini.

Kuna ujanja mmoja wa kuangalia kwa makini. Baadhi ya mashine zimetoka Ujerumani au Ufaransa, herufi zimepangwa tofauti, na muuzaji hubandika vibandiko vya Kiingereza juu yake. Vibandiko hivyo huziba mwanga. Taa ipo, inakula chaji, na huoni herufi hata moja. Ukipenda mashine ya namna hiyo, dai ibadilishwe kibodi au bei ishuke. Mpangilio wa Uingereza hauna taabu, ila @ na alama za kunukuu zimebadilishana mahali, utazoea.

Je, taa ina umuhimu kiasi hicho? Anayeandika kwa vidole kumi bila kutazama atakwambia hapana, kisha atakwama akitafuta alama ya asilimia gizani. Kwa anayekaa hosteli Maseno na mwenzake amelala, au anayesafiri usiku kwa basi kutoka Kisumu hadi Nairobi, ni muhimu kuliko spika nzuri. Ulaji wake ni mdogo ukilinganisha na skrini. Na kwa sisi wa karibu na ziwa kuna faida nyingine: msimu wa wadudu wa ziwani, balbu ikiwaka ndani ya nyumba wanaingia wote. Zima balbu, punguza skrini, acha herufi ziwake kidogo. Watakuja wachache.

Chaji ikiisha kabla ya stima kurudi

Zote nne hupokea chaji kwa USB-C, na hili ni jambo la kushukuru. Pawabenki ya 20,000 mAh ina takriban Wh 74, nawe utapata pungufu kidogo kwa sababu nyingine hupotea njiani. Kwa M1 hiyo ni chaji moja kamili na chenji. Lakini si pawabenki yoyote. Lazima iwe ya USB-C yenye uwezo wa PD (Power Delivery, mfumo wa kupitisha wati nyingi kwa USB-C): wati 30 zinatosha M1, ambayo chaja yake ya kiwandani ni ya wati 30. Zile za Windows zipe wati 45 kwenda juu. Pawabenki ya kuchaji simu, hata iwe kubwa namna gani, laptopu itaikataa au itachaji kwa mwendo wa kinyonga.

Sola ndogo za nyumbani, za taa tatu na simu, hazitoshi. Ila kama una betri ya gari au ya sola ya volti 12, usinunue inverta kwa sababu ya laptopu pekee. Chaja ya gari ya USB-C yenye PD ya wati 45 au 65 itafanya kazi hiyo bila hasara ya kugeuza umeme mara mbili. Na radi zikianza, chomoa chaja ukutani. Mashine yenye betri ya kutosha inakuruhusu kufanya hivyo bila kunung'unika.

Joto nalo. Betri hizi huchakaa haraka zikikaa kwenye joto zikiwa zimejaa, na Kisumu, iliyo kwenye mita 1,130 hivi, ina joto kuliko Nakuru iliyo kwenye mita 1,850. Kama laptopu yako hukaa kwenye chaja siku nzima ofisini, iwekee kikomo: ThinkPad kupitia Lenovo Vantage, HP na Dell kupitia BIOS, na Mac hujirekebisha yenyewe. Siku moja kabla ya notisi, ondoa kikomo uijaze.

Mbele ya kaunta

Kwenye Windows, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili itakayotengenezwa. Utaona namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo inaoweza kujaza leo. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Ikiwa ni chini ya asilimia 70, hiyo ni betri ya kubadilishwa, na bei izungumzwe hivyo. Kwenye T480 utaona betri mbili, kila moja na namba zake. Hapo ndipo utajua kama ya nyuma ni 24, 48 au 72 ya kweli. Kwenye Mac, ingia mipangilio ya betri, uone asilimia ya uwezo uliobaki. Idadi ya mizunguko iko kwenye taarifa za mfumo, na Apple wameikadiria betri hii kwa mizunguko 1,000.

Ripoti huweza kudanganywa na betri bandia, kwa hiyo ithibitishe. Chomoa chaja, cheza video kwa nusu saa huku mkiendelea kupatana. Ikianguka kutoka 90 hadi 70, unajua ulichoshika. Ibonyeze pia kando ya padi ya kugusa na uiweke juu ya kaunta iliyo sawa: padi ikiwa imeinuka au mashine ikiyumba, betri imevimba. Hiyo usiibebe hata kwa bure.

Angalia chipu. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. T480 na 840 G5 nyingine zilitoka na chipu ya kizazi cha saba. Namba baada ya i5 ianze na 8. Ikianza na 7, hata betri ikiwa nzuri, rudisha. Kisha iwashe upya, uingie BIOS, uhakikishe haina nenosiri la mtu.

Ningemshauri nani achukue ipi

Mwanafunzi wa Masinde Muliro au Egerton mwenye bajeti ya kawaida, achukue T480 yenye skrini ya 1920 kwa 1080, hata kama betri ya nyuma imekufa, kisha atafute betri ya 72. Asianze kwa kuongeza RAM hadi 16 ndipo afikirie betri. Mafundi watamshauri hivyo kwa sababu RAM ndiyo waliyo nayo kwenye droo. Mwanahabari au mfanyakazi wa shirika anayezunguka Siaya, Busia na Homa Bay, analipwa kwa alichoandika na begi lake liko mgongoni kutwa, akope kama ni lazima achukue M1. Mhasibu mwenye programu za Windows na asiyetaka kisigino chini ya mashine, Latitude ya Wh 60, betri mpya. Na anayetaka kupendeza mkutanoni, EliteBook inamngoja pale mbele.

Ukishakubaliana bei, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti namba ya mashine, ukubwa wa betri kwa Wh na asilimia iliyosomeka siku hiyo, si neno "laptop" na jumla ya pesa peke yake. Lipa kwa Lipa na M-Pesa ya duka, si kwa namba ya mtu. Ukirudi wiki ya pili betri imeanguka, mtazungumza mkiwa na karatasi mkononi.